Kiti Juu ya Mizani ya Magunia

Mdogo wangu ni mtunza stoo wa hospitali ya serikali. Miaka kumi na tisa amepima magunia ya mchele na maharage ya wagonjwa, na Mungu amemjalia mkono mwaminifu. Mwaka huu ameongezewa kazi: anapima watu.

Mizani ya kliniki inaishia kilo mia na ishirini, na siku hizi wanaoivuka ni wengi mno. Foleni ya sukari na presha imefika kwenye ngazi, na vitanda vya wodini vimeimarishwa kwa nondo. Basi manesi wakawa wanawatuma stoo. Mdogo wangu akaona si heshima mtu mzima asimamishwe kama gunia. Akaweka kiti cha chuma juu ya mizani, akakitandikia kitambaa safi. Wagonjwa wakamwombea baraka.

Mmoja wao ni wifi yetu, mke wa kaka, tunayemwita Bibi Harusi kwa maringo yake. Ana ngiri inayomtesa. Kitanda cha upasuaji ni kimoja na hakibebi zaidi ya kilo mia na thelathini, naye ndani ya miezi mitatu ameshapimwa mara mbili, mara zote akazidi. Akizidi tena, daktari alisema, atasubiri miezi mitano. Kwa hiyo aliacha soda, akaacha vya kukaanga, akawa anatembea kila alfajiri huku akinung'unika.

Nilimsindikiza stoo kupimwa tena. Akakaa, mshale ukasoma mia na thelathini na tatu. Akashuka, machozi yanamtiririka. Mdogo wangu akajibwaga kwenye kile kiti amshike mkono. Mshale ukasoma sabini na sita.

"Mbona asubuhi nilikuwa sabini?" akasema. Asubuhi alijipima amesimama, kiti kikiwa kando.

Tukatazamana. Kumbe watu wote walipimwa pamoja na kiti! Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikakalia maharage.

"Wifi," Bibi Harusi akasema, "miezi mitatu unanibebesha kiti?"

Daktari alikuja amenuna, nesi nyuma yake. Akaamuru wote waitwe wapimwe upya, maana hata dawa zao hufuata uzito. Mdogo wangu akaomba radhi kwa dhati. Lakini daktari alipogeuka kutoka, mabega yalikuwa yanamtikisika.

Bibi Harusi akapanda bila kiti: mia na ishirini na saba. Nesi akafungua orodha ya upasuaji wa Ijumaa, akaanza kutafuta kalamu, mfuko huu, mfuko ule.

"Andika haraka, mwanangu," wifi akamwambia, "chakula cha mchana kinakaribia."