Kamba ya Saba

Jirani wa Clémence hapo Lackawanna, Marekani, havui kofia yake ya sufi hata jua la mwezi wa sita liwake vipi. Mkono wake wa kushoto una vidole vitatu, kwa hiyo mafundo huyakaza kwa meno. Kila asubuhi hutoka na kikombe cha kahawa, hukiweka kwenye ngazi, hukisahau, kisha huziendea kamba saba zilizoshuka kutoka paani na kuzizungushia mashina machanga ya hopsi, mmea unaoipa uchungu bia anayojipikia gerejini. Clémence, aliyekulia kwenye maharage yanayokwea miti huko Kivu, Kongo, alishindwa kuvumilia. Mzee alikuwa akizungusha kinyume.

"Bon, huyu muzee hajue kufunga maharagi," alimwambia mumewe, na kabla ya kwenda zamu akavuka uani, akayageuza mashina yote saba taratibu, bila kuvunja hata moja. Aliporudi asubuhi yalikuwa yamejifungua yenyewe, yananing'inia kama nywele zilizofumuliwa. Mzee alikuwa akiyarudisha moja moja, bila kununa.

"Si maharage," alisema. "Hopsi. Inalifuata jua."

"Ya kwetu, papa, huenda upande ule mwingine."

"Eeh."

Akaitazama kamba ya saba, ile ya karibu na uzio wa Clémence. Akachukua jembe, akaling'oa shina lake na mizizi yote.

"Basi leta ya kwenu."

Kisha akaikumbuka kahawa, akampa. Ilikuwa imepoa kabisa. Clémence akainywa yote.