Kiti cha Kushoto

Consuelo alizaliwa siku tisa baada ya baba yake kufukiwa na mawe machimboni. Padri akamshauri mama yake, Basilisa, amwite hivyo kwa heshima ya Bikira Maria Mfariji, maana jina hilo kwa Kihispania ni faraja. Basilisa akafuta machozi, akamnyonyesha. Hapo ndipo balaa lilipoanza, kwa kuwa sisi watu wa milimani tukiona kitu kimefaa hatukiachi kipumue.

Tangu akiwa na miaka mitano, msiba ukitokea, jirani alibisha hodi: "Basilisa, hebu tuazime Consuelo." Aliketishwa kushoto kwa mfiwa, akamshika mkono mpaka jeneza litoke. Kiti cha kushoto kikawa chake, na hakuna mwingine aliyekigusa.

"Usije kwangu bila kuitwa," nilikuwa nikimtania, "utaniletea nuksi!"

"Basi usife wiki hii, Eulalia. Nina nguo za kufua."

Nilipomzika mume wangu alinikalia mimi pia, kushoto kwangu. Kiganja chake kilinuka vitunguu saumu, nami nilikishika kama mtoto.

Mume wa Consuelo alienda Ujerumani kutafuta kazi, akapotelea huko. Basilisa alipofariki, Inés, binti pekee wa Consuelo, ndiye aliyemkalia mamaye. Sisi tukaona mambo yamekwisha vizuri, tukaenda zetu.

Januari iliyofuata, homa ya mapafu ikamchukua Inés.

Tukajaa nyumbani kwake, viti vimepangwa ukutani, supu jikoni, rozari mikononi. Consuelo akaketi kwenye kiti cha mfiwa. Cha kushoto kikabaki kitupu, kila aliyeingia akikikwepa. Wajinga sisi!

Mchana alikigeukia, akakitazama. "Jamani, hakuna wa kunikalia?"

Tukatazamana. Petra, mke wa mwoka mikate, akanong'ona, "Lakini shoga, hicho si kiti chako?"

"Ndiyo," akasema Consuelo. "Ni changu."

Akainuka, akahamia kiti cha kushoto. Akanyoosha mkono, akauweka juu ya kile alichokiacha, akakaa hivyo mpaka kengele ya maziko ilipolia.

Nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwake. Mikono yangu yote miwili ilikuwa mapajani.