Posa Iliyokwama Uwanjani

Sijapata kuona watu wazima wakigombania upuuzi kwa bidii kama wale wawili, na nimeishi Toronto miaka ya kutosha kuona upuuzi wa kila namna.

Nilikuwa mshenga. Kijana wa marehemu rafiki yangu alitaka kuoa, barua ya posa ilikwishapelekwa na kujibiwa vizuri, na Jumamosi ile tulikwenda Richmond Hill, nyumbani kwa baba wa binti, kwa shughuli moja tu: kupanga siku ya harusi. Tulikuwa watatu, mimi, kijana mwenyewe na baba yake mdogo, msimamizi wa ghala kutoka Brampton. Huyu baba mdogo alikuja amevaa kanzu safi, na juu ya kanzu jaketi la chuo alichosoma zamani, rangi ya machungwa, lenye herufi kubwa kifuani kama nembo ya basi.

"Bwana, livue hilo," nilimwambia mlangoni.

"Kuna baridi."

"Ndani ya nyumba?"

Akabonyeza kengele. Mlango ukafunguliwa, na macho ya baba wa binti, mfamasia mwenye kitambi na heshima zake, yakatua kwenye herufi ile kabla hata hatujasalimiana. Maana yeye alisoma chuo cha upande wa pili. Pale sebuleni, mahali ambapo watu wenye akili zao hutundika picha ya wazazi, alikuwa ametundika picha ya uwanja wa mpira wa chuo chake.

Nisikupoteze: si kandanda tunayoijua. Ni ule mpira wa huku, wenye umbo la yai, ambao wanaume huvaa helmeti na kuvaana kama kondoo madume. Vyuo hivyo viwili hukutana kila mwaka, na kila mwaka mabwana wale hununiana. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuugusa mpira wenyewe. Mfamasia hawezi kupanda ngazi za nyumba yake bila kupumzika katikati.

Tulikaa. Nikakohoa, nikaanza maneno yangu ya ushenga, ambayo nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Sikufika mbali. Baba mdogo alikuwa anaitazama ile picha.

"Kumbe hili ndilo lile Birika," alisema.

Ndivyo watu wa huku wanavyouita uwanja ule, kwa Kiingereza chao: Birika. Mfamasia akavimba kama andazi.

"Ndilo hilo. Na unajua kwa nini linaitwa hivyo? Kwa sababu watu wetu wakianza kupiga kelele, mgeni anachemka humo ndani mpaka anaiva."

"Nani kakudanganya? Liliitwa Birika kwa sababu mlikuwa mnafungwa mapema, mashabiki wenu wanatoka mapumziko kwenda kunywa chai, hawarudi. Mji mzima unajua."

"Mji upi? Brampton?"

Hapo ndipo kijana alipoinamisha kichwa. Nilipaswa kuwazima. Hiyo ndiyo kazi ya mshenga, kumwaga maji panapowaka moto. Badala yake, sijui shetani gani alinipanda, nilifungua mdomo nikasema, "Mimi nilisikia ni kwa sababu ya umbo lake. Limebonyea katikati."

Wote wawili wakanigeukia. Kwa mara ya kwanza siku ile walikubaliana jambo: kwamba mimi sijui kitu.

Basi tukaenda hivyo karibu saa nzima. Simu zikatolewa mifukoni. Wakasomeana habari zilizoandikwa na watu wasiojulikana, kila mmoja akimwambia mwenzake kwamba chanzo chake ni cha uongo. Mfamasia akapiga meza. Baba mdogo akasema familia inayopotosha historia ya uwanja inaweza kupotosha mengine. Nikaona rangi ya kijana ikibadilika. Mfamasia akasimama, akasema kama ni hivyo labda harusi isubiri mpaka watu wajifunze adabu. Harusi! Kwa ajili ya viti vya saruji na nyasi za plastiki!

Ndipo akaingia mama mmoja na sinia la chai. Alikuwa Mkongo wa Bukavu, umri wake umepita sitini, anakaa Lawrence Heights. Husali kanisa moja na mama wa binti, na alikuja kumsaidia kupika. Mfamasia alimpungia mkono aweke sinia apite. Mama akaliweka, lakini hakupita.

"Ile jina ni ya chumba yetu," alisema.

"Chumba gani, mama?" niliuliza.

"Mimi nilifanyaka usafi pale, miaka mingi. Chini ya viti kulikuwa chumba ya wasafishaji, na birika ya umeme. Wachezaji wakisikia baridi wanakuja kuomba maji ya moto. Wakawa wanaambiana, twende kwa birika. Kisha uwanja yote ikaitwa hivyo."

Mfamasia akacheka kwa pua. "Mama, jina hilo nililikuta mimi nikisoma pale."

"Najua, papa. Na mimi nilikuwa pale wewe ukisoma. Ulikuwa unakujaka na daftari yako, unakaa karibu na birika. Sukari vijiko vine."

Nilimtazama mfamasia usoni. Alikuwa anamjua. Sijui alianza lini kumjua, dakika ile au miaka yote ile mama yule alipokuwa akiingia na kutoka kwa mlango wa jikoni. Alikaa chini, akaangalia kikombe chake, asikishike.

"Si nilisema ni chai!" baba mdogo akapaza sauti, akijipiga paja kwa furaha. "Nilisema au sikusema?"

Mama wa binti akatokea mlangoni, mikono ina unga, akatuambia karibuni mezani, na kwamba siku imekwishapangwa. Yeye, binti na mama wa kijana walikuwa wameimaliza kwa simu wakati sisi tunagombana. Ukumbi pia ulikuwa umepatikana.

Jioni nilimpa lifti yule mama mpaka Lawrence Heights, kwa kuwa mwenye nyumba hakujitolea. Njiani nilimuuliza kwa nini hakuwahi kumkumbusha mfamasia kwamba walijuana zamani.

"Hakuniulizaka," alisema. Baadaye kidogo akaongeza, "Alikuwa kijana muzuri. Alikuwa anasoma kwa sauti, na sisi tunasikiliza. Majina ya dawa. Nilishikaka mingi."

Akanitajia mawili matatu, marefu, bila kukwama.

Nilipofika kwangu mke wangu alinipokea mlangoni, ana shauku. "Haya, mshenga. Harusi lini?"

Nikasimama na viatu mkononi. Nilikuwa nimekaa nyumba ile mchana kutwa, nimekula wali wao, nimetoa hata maoni kuhusu umbo la uwanja, na tarehe sikuiuliza.