Shangazi Alipouliza Kosa la Fomu

Shangazi yangu, dada yake baba, alizaliwa huku Kasulu na wazazi waliokimbia Burundi. Alishika jembe tangu utotoni, na alipopewa uraia alikuwa tayari na wajukuu. Mimi ni mwalimu. Mshahara wangu ni wa serikali, kwa hiyo mikutanoni nilizoea kutazama viatu vyangu.

Mwaka ule wa kuchagua wenyeviti wa vitongoji, mtendaji wa kijiji alitutangazia mkutanoni kwamba wagombea wote wameenguliwa isipokuwa mmoja. Fomu zao zilikuwa na makosa. Huyo mmoja amepita bila kupingwa.

"Kuna swali? Hakuna."

"Lipo," shangazi akasema, akainuka. Nikamvuta kitenge akae. Akautoa mkono wangu kama anayebandua kupe.

"Makosa yenyewe ni yapi? Tuonyeshwe, siku nyingine tusikosee."

Mtendaji akatabasamu. "Mama, kwani asili yako ni wapi?"

Sote tulielewa. Kwetu swali hilo limewanyamazisha wengi.

"Wazazi wangu walitoka Burundi. Mimi ni raia wa hapa. Sasa nijibu."

Mtendaji akafunga mkutano. Kesho yake akaitwa ofisini, aje na cheti cha uraia. Niliomba ruhusa shuleni nikamsindikiza. Tulikalishwa kwenye benchi tangu asubuhi hadi saa tisa. Alikuwa na ungo wa maharage, akachambua taratibu, akimsalimu kila anayepita. Hatimaye mtendaji akamletea karatasi atie saini. Shangazi alijifunza kusoma ukubwani, kanisani. Aliisoma kwa sauti, kidole kikifuata neno kwa neno, na wote waliokuwa wakisubiri wakasikia.

"Hapa mmeandika nilifanya fujo. Mimi niliuliza. Andika 'aliuliza', nitatia saini."

"Mama, usinipotezee muda."

"Basi sitii."

Mtendaji akakataa kumrudishia cheti, kikabaki mezani kwake. Niliogopa, kwa kuwa bila cheti mtu wa asili yetu hana la kuonyesha kwenye vizuizi vya barabarani. Yeye kila Jumatatu alivaa gauni la kanisani akaenda kukidai. Jumatatu ya tano kikarudishwa, kimemwagikiwa chai.

Yule aliyepita bila kupingwa anaongoza hadi leo. Lakini kwenye mkutano uliofuata, jirani yetu mmoja aliyeenguliwa alisimama akataka asomewe kosa lake hadharani, na akina mama wawili wakamuunga mkono. Mtendaji akapekua makabrasha, asilione.

Shangazi hakuwepo, alikuwa shambani anapanda. Nilipomsimulia alicheka mpaka akaegemea jembe, kisha akanitazama.

"Na wewe mwalimu, ulisema nini?"