Siku Kumi Kifudifudi

Mara ya kwanza nilipokwenda kwa Salme, Mishomoroni, kununua kofia za kushona kwa mkono nikauze, niliikosoa mishono ili aniteremshie bei. Akaninyang'anya kofia. "Nenda ukashone mwenyewe, dada." Nikalipa alichotaka. Kwa miaka sita sikupata mshonaji wa kumshinda.

Mwaka jana, karibu na Ramadhani, vitundu vya nakshi vya kofia zake vikaanza kwenda kombo. Nikamrudishia mbili.

"Kuna kiza kinashuka jicho la kulia, kama pazia," akasema.

La kushoto liliharibika tangu utotoni. Alilobaki nalo ni hilo la kulia. Nikampeleka hospitali siku ileile. Kofia za Idi nilikuwa nimeshaziahidi watu.

Daktari akasema retina, ule utando wa nyuma ya jicho, imebanduka. Akampasua, akalijaza jicho mafuta ya silikoni. "Mafuta haya huelea," akatueleza. "Akiinamisha uso yatapanda nyuma, yaishikilie retina. Siku kumi kifudifudi. Hata akila, atazame chini."

Nikawa namuuguza nyumbani kwake, lakini wageni hatukuwafikiria. Siku ya pili akaja kumpa pole Bi Hadeel, shangazi wa mumewe. Kusikia hodi yake tu, Salme akainuka, akamwinulia uso kumwamkia. Nikamlaza upesi.

"Tangu lini nikaamkiwa na kisogo?" Bi Hadeel akafoka.

"Bi Hadeel, wataka shikamoo au wataka aone?"

"Vyote."

"Basi lala hapa."

Nikatandika mkeka kando ya kitanda, Salme akatoa uso ukingoni. Bi Hadeel akayalaumu magoti yake, akalala chali, wakatazamana.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Wallahi wanuka dawa!"

Tangu hapo kila mgeni nilimpa mkeka au njia. Wengine waliondoka wamenuna.

Lakini Salme hakutulia. "Niliinuka. Na kama imebanduka tena?" Aliniuliza kila nilipomletea uji. Mbele yake aliona ukungu tu.

Siku ya kumi na moja daktari alichungulia, akachungulia tena. Salme alinibana kidole mpaka kikafa ganzi.

"Imeshika."

Baada ya miezi minne mafuta yakatolewa, na retina ikabaki mahali pake. Leo Salme huenda sokoni peke yake na huzijua sura za watu. Tundu la sindano halioni, kushona kumekwisha. Mimi wateja wa Idi walinihama, sasa nauza kofia za mashine. Faida yake ndogo, na nzuri kama zile sijazipata.