Siku Nilipomtia Bijou Javeli

Mwanangu, hebu weka chini hiyo ndoo kwanza. Nimekuona unamvuta mbwa wako huku sabuni ya kufulia umeibana kwapani, nikakumbuka siku niliyomng'arisha Bijou, mbwa mweupe wa shangazi yangu. Leo nacheka, lakini siku ile nililia.

Nilikuwa msichana, nimechumbiwa, nakaa kwa shangazi huku Ruashi. Wazazi wa mchumba wangu walikuwa waje kunitazama kwa mara ya kwanza, Jumapili baada ya misa. Nilitaka nyumba imeremete. Nikasugua sakafu, nikapanga viti, halafu nikamwona Bijou amelala mlangoni, mwekundu kwa vumbi la barabara. Nikajiambia, watasema msichana huyu ni mchafu. Na sisi kitu cheupe tulikiosha kwa namna moja tu: sabuni ya unga na javeli, ile dawa ya kung'arisha mashuka. Nikamtumbukiza Bijou kwenye beseni, nikamsugua kweli kweli. Ndoo nne za maji, na maji yenyewe tuliyabeba kichwani! Yale machafu nikayamwaga kwenye tuta la lengalenga. Mboga zilikauka zote, na shangazi alinisema mpaka siku ya harusi.

Basi, Bijou alitoka mweupe. Lakini wageni hawajamaliza kusalimia, akaanza kujikuna, akajiburuza sakafuni, akaingia chini ya viti akijisugua kwenye miguu ya wakwe zangu. Mama wa mchumba wangu akainama, akayatenganisha manyoya kwa vidole. Ngozi ilikuwa imeanza kuchubuka.

"Hii imbwa, ni nani alimunawisha?"

Shangazi akataka kunikinga. "Ni batoto ba jirani, mama."

Nilijua nikisema ukweli naweza kumkosa mume. Lakini Bijou alikuwa analia kwa kuwashwa, na nilimwonea huruma sana.

"Hapana. Ni miye, mama. Nilimutia javeli. Nilitaka mumukute muzuri."

Mama yule akakaza kitenge chake kiunoni. "Lete mayi ya vuguvugu, beseni moja tu, na kitambala ya zamani. Imbwa haiko drap, haiko shuka ya kutia javeli, mutoto wangu."

Tukapiga magoti uani, sote wawili na nguo zetu za misa, tukamsuuza polepole mpaka akatulia. Kisha akamgeukia mumewe, nami nasikia.

"Mambo ya imbwa tutamufundisha. Lakini kusema ukweli, hiyo anajua tayari."

Nililia palepale, kwa furaha.

Kwa hiyo, mwanangu, vumbi liache likauke, ulitoe kwa brashi ya zamani. Mara nyingi hilo linatosha, na matope ya miguuni yafute kwa kitambaa chenye unyevu, fulana iliyochanika ni nzuri sana. Akinuka kweli, tafuta sabuni ya mbwa, kipande kimoja kitakaa miezi mingi, na umsuuze vizuri. Javeli na sabuni ya nguo usimguse nazo. Na siku utakayomkosea, sema wewe mwenyewe, maana yeye hana mdomo wa kukushitaki.

Mungu akupe mikono ya upole, na nyumba ambamo hata mbwa analala bila kujikuna.