Muhuri wa Mlangoni

Kiongozi wetu wa matembezi ya Jumamosi hupenda makanisa ya vijijini kwa sababu mihuri ya chama chetu cha matembezi hufungwa milangoni mwake, ya kugonga vitabu kuthibitisha kwamba tumefika. Ziwani hatazami maji, hutazama saa. Msituni hutuhesabu kwa ncha ya fimbo. Vitabu vyetu vya safari huvibeba yeye, na kidole gumba chake hakikosi wino.

Juzi Bi Roswitha, mjane tunayetembea naye, aliomba kuingia katika kanisa alilofungia ndoa.

"Mama, muhuri uko hapa nje. Ndani unafuata nini?"

"Namfuata mume wangu, baba. Wewe endelea kugonga."

Aliingia, nasi tukaingia naye. Tulipotoka, vitabu vyetu vyote vilikuwa ngazini, vimegongwa muhuri. Kiongozi alikuwa ng'ambo ya ziwa lililo karibu na kanisa, akitembea peke yake, hajachelewa hata dakika.